Mjumbe Anaporudi Nyumbani Akiwa Mgeni

Wahenga walinena kwamba mjumbe hauawi. Walimaanisha kuwa aliyetumwa hapaswi kubeba lawama ya maneno aliyopewa ayafikishe, kwani maneno hayo si yake; yeye ni kinywa tu cha waliomtuma. Nilikuwa nikiutafakari msemo huu Jumamosi moja, nikiwa nimesimama kiwanjani katika mmojawapo wa miji midogo iliyo baina ya Sagana na Nanyuki. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea katika mji wowote unaouona Mlima Kenya asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Tulikuwa tukimngoja mjumbe wetu. Tangazo lilisema angewasili saa nne. Akina mama waliokuwa wameacha kuchuma kahawa walikaa kwenye nyasi tangu saa tatu. Wazee walipewa viti vya plastiki. Na vijana, kama ilivyo ada siku hizi, walisimama nyuma kabisa, mikono mifukoni.

Mheshimiwa aliwasili saa nane kasoro robo, katika msafara wa magari manne. Aliomba radhi kwa kuchelewa, maana alikuwa ametoka mazishini na bado alikuwa akitarajiwa katika harambee ya kanisa, kisha akahutubu kwa muda wa dakika arubaini. Mimi ni mtu wa isimu, na maradhi ya watu wa isimu ni kwamba hawawezi kusikiliza hotuba bila kuyahesabu maneno. Nilitoa daftari nikawa natia alama kila aliposema "nimewaletea". Nimewaletea barabara, nimewaletea stima, nimewaletea madarasa mawili, nimewaletea basari. Nilipofika alama ya kumi na tisa niliacha, si kwa kuwa ziliisha, bali kwa kuwa mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliinuka akaomba kuuliza swali.

Swali lake lilikuwa fupi. Alitaka kujua mheshimiwa alipiga kura gani siku ile ya Juni 2024 Bunge lilipoupitisha Mswada wa Fedha, na kabla ya kuipiga alikuwa amemuuliza nani. Aliuliza kwa adabu kubwa, kofia mkononi. Msimamizi wa mkutano alikitwaa kipaza sauti, akasema, "Mzee wetu, mgeni wetu ana safari ndefu, na maswali ya namna hiyo yana mahali pake." Watu wakacheka kidogo, kwaya ikaanza kuimba, na mheshimiwa akaingia garini.

"Mgeni wetu." Hayo ndiyo maneno niliyoondoka nayo siku ile, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Walimu wenzangu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanafahamu kwamba Kiswahili cha Kenya kina majina matatu ya mtu huyu mmoja. Tunamwita mbunge, kwa kuwa anaketi Bungeni. Tunamwita mheshimiwa, kwa kuwa Bunge lenyewe lilirithi kutoka Uingereza desturi ya wajumbe kuitana waheshimiwa. Na tunamwita mjumbe, neno lenye maana ya mtu aliyetumwa. Katika majina hayo matatu, ni la mwisho pekee linalotuelekeza kwa wale waliomtuma. Mbunge ana jengo, mheshimiwa ana hadhi, lakini mjumbe ana ujumbe, na mwenye ujumbe hana budi kwenda na kurudi. Sikilizeni basi jinsi majina hayo yanavyotumika katika mikutano yetu. Wakati wa kampeni mtu huomba tumtume awe mjumbe. Akishaapishwa anakuwa mheshimiwa, na anaporudi nyumbani miezi minane baadaye anatambulishwa kuwa mgeni wa heshima.

Si jambo dogo, hili la ugeni. Neno lenyewe ziara, ambalo magazeti yetu hulitumia kila mbunge anapozunguka eneo lake, limetoka katika Kiarabu pamoja na kitenzi zuru. Watu wa pwani huzuru ndugu na jamaa, na huenda ziara katika makaburi ya wacha Mungu. Anayezuru hutoka kwingine na atarejea alikotoka. Mgeni naye ana haki zake katika mila zetu zote za Kibantu. Wagikuyu humwita mũgeni, nasi Waswahili humwita mgeni, na huku na huko mgeni hukaribishwa, huandaliwa, hukaa mahali palipoinuka, wala haulizwi maswali ya kumkera. Kumhoji mgeni mbele ya watu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo, mara tu mbunge anapoitwa mgeni, swali la yule mzee limekwisha kugeuzwa kuwa kosa kabla halijaulizwa. Kweli, wahenga walisema pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini waheshimiwa wetu hawalali hata siku moja.

Sasa nirudi kwenye zile alama zangu kumi na tisa. Mwalimu yeyote wa Kiswahili wa kidato cha kwanza huwafundisha wanafunzi wake kunyambua vitenzi: leta, letea, letewa. "Nimewaletea" iko katika kauli ya kutendea. Ndani yake mna mtenda mmoja na watendewa wengi. Mtenda yuko mwanzoni mwa neno na watendewa wamefichwa katikati kama kokwa katika tunda. Umma nao ukijibu huitikia kwa kauli ya kutendewa: tumeletewa, tumejengewa, tumesaidiwa. Katika dakika arubaini zile sikusikia hata mara moja kauli ya kutendana. Hapakuwa na kuulizana, wala kujibizana, wala kushauriana.

Na vitu hivyo vinavyoletwa ni vya nani? Ichukue barabara kuu ya Kenol, Sagana hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, ambayo sehemu nyingi za miji hii zimetazama ikipanuliwa. Ni mradi wa serikali ya taifa uliotegemea mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, mkopo ambao yule mama mchuma kahawa ataulipa kila anaponunua sukari. Nimewasikia wanasiasa wasiopungua watatu wakidai kila mmoja kwamba ndiye aliyeileta. Zichukue basari. Fedha za maendeleo ya maeneo ya uwakilishi bungeni zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyo iliagiza kwamba sehemu isiyopungua asilimia mbili unusu ya mapato ya kawaida ya serikali itengwe kwa ajili yake. Sheria ndiyo inayozigawa, na wananchi ndio wanaozilipa. Hata hivyo, cheki ya basari hukabidhiwa hadharani, picha hupigwa, na mwanafunzi hufundishwa kushukuru kwa kupiga makofi. Ninawaona vijana hao wanapofika chuo kikuu. Baadhi yao huniandikia barua za kuomba nafasi ya kurudia mtihani kwa lugha ileile waliyoitumia kumwandikia mbunge: mimi mtoto wako mnyonge. Lugha hiyo wameitoa wapi, kama si katika viwanja hivyo?

Mtu atasema kwamba haya ni makosa ya wabunge wa leo, na kwamba zamani mambo yalikuwa nafuu. Sivyo. Ugonjwa huu una historia, na historia hiyo imo hata katika neno baraza. Ukienda Lamu au Mombasa au Unguja utaona kwamba baraza ni kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo majirani huketi jioni wakanywa kahawa na kuzungumza, kila mmoja akiwa na haki ya kumkatiza mwenzake. Neno hilo lilipopanda na reli hadi bara, serikali ya kikoloni ililichukua ikaliita baraza lile kusanyiko la chifu ambapo amri zilisomwa na watu wakaambiwa watawanyike. Kiti kilibaki, ila sasa akawa anakikalia mmoja.

Hapa Nyeri tuliuonja utamu wa mkutano wa aina nyingine kwa muda mfupi. Tarehe 26 Julai 1952 chama cha KAU kilifanya mkutano ambao maelfu kwa maelfu ya watu waliuhudhuria kumsikiliza Jomo Kenyatta. Miezi mitatu haikuisha kabla ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, na tangu hapo mikusanyiko ya kisiasa ya Waafrika katika Mkoa wa Kati ikafungwa. Vyama vya wilaya viliporuhusiwa kwingineko nchini mwaka 1955, huku kwetu havikuruhusiwa. Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, mnamo Machi 1957, Wagikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuwa na cheti cha kuthibitisha uaminifu wao kwa serikali. Wengi wa watu wa Nyeri hawakuwa nacho. Kiti cha Mkoa wa Kati kilichukuliwa na Bernard Mate wa Meru, akimshinda Eliud Mathu, ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo kwa kuteuliwa na gavana. Tazama basi: wa kwanza alitumwa na gavana, na wa pili alitumwa na wenye vyeti. Mazoea ya mjumbe kuyatazama macho ya watu wote wa kwao hayakupata nafasi ya kuota mizizi.

Uhuru ulikuja, lakini Sheria ya Kudumisha Utulivu wa Umma ilibaki. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kwamba hadi mwaka 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na leseni ilitolewa na mkuu wa wilaya. Baada ya vyama vingi kurudi mwishoni mwa 1991, na DP kutamba Nyeri katika uchaguzi wa 1992, mbunge wa upinzani aliyetaka kuzungumza na wapigakura wake mwenyewe aliweza kunyimwa ruhusa na ofisa ambaye hakuchaguliwa na mtu. Mapatano ya vyama vya bunge ya 1997 ndiyo yaliyoigeuza leseni kuwa taarifa tu, inayopelekwa kwa polisi siku tatu kabla. Nayasema haya kwa sababu uhuru wa mjumbe kukutana na watu wake ulipiganiwa. Haukupiganiwa ili uje utumike kuhesabia madarasa.

Kuna mjumbe mmoja wa Nyeri ambaye safari yake moja ya kurudi nyumbani inajulikana ulimwengu mzima. Tarehe 8 Oktoba 2004 Profesa Wangari Maathai, mbunge wa Tetu, alikuwa njiani kutoka Nairobi kuelekea eneo lake alipopigiwa simu kuarifiwa kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alisimama mjini Nyeri, katika Hoteli ya Outspan, akapanda mti, mlima ukiwa mbele yake. Alikuwa amechaguliwa mwaka 2002 kwa kura zinazokaribia zote, baada ya miaka ishirini na mitano ya kufanya kazi na vikundi vya akina mama vya Green Belt tangu 1977, vikundi ambavyo msingi wake ulikuwa ni watu kuketi pamoja na kutaja shida zao kwa lugha yao. Lakini mwaka 2007 aliukosa uteuzi wa chama cha PNU, akawania kwa tiketi ya Chama cha Mazingira, na watu wa Tetu wakamchagua mwingine. Sitajifanya kwamba najua yaliyokuwa mioyoni mwa wapigakura. Ninaloliona mimi ni kwamba yule aliyewazoesha watu kutaja shida zao wenyewe alikuwa akishindana, ndani ya mfumo uleule, na watu waliojua kuleta.

Jirani yake wa Othaya, Mwai Kibaki, ni somo jingine kwa mwanafunzi wa lugha. Aliliwakilisha eneo hilo tangu 1974 hadi 2013. Bungeni Kiingereza chake kilikuwa cha mhadhiri wa uchumi, kilichonyooka kama rula. Lakini alipopanda jukwaani alikuwa mtu mwingine, mwenye matusi mepesi na mifano ya shambani. Ndiye aliyesema, akiwa bado KANU, kwamba kujaribu kukiondoa chama hicho ni sawa na kuukata mugumo kwa wembe. Kwa Mgikuyu mugumo si mti tu. Ni mahali pa ibada. Katika sentensi moja alikuwa ameyasema mawili, la ukubwa na la utakatifu, na kila mtu wa mlimani aliyasikia yote mawili. Desemba 1991 akatoka KANU akaunda DP, na sentensi yake ikamfuata hadi alipokiondoa chama hicho mwaka 2002. Huo ndio uwezo wa lugha ya nyumbani. Huo ndio pia mtego wake, kwa maana mjumbe mwenye lugha mbili anaweza kuwa na maneno mawili: la jukwaani ambalo Nairobi hailisikii, na la Bungeni ambalo kijiji hakilisomi.

Hapa ndipo swali la mzee wetu linapokuwa zito zaidi. Angewezaje kujua mheshimiwa alipiga kura gani? Mnamo Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge. Ilikuwa furaha kubwa kwetu tulioipenda lugha hii, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 ikaja, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikasema kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Jirani zetu Watanzania, ambao wamejadili kwa Kiswahili tangu zamani huku sheria zao zikiandikwa kwa Kiingereza, walirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi bado tunamtegemea mheshimiwa atufasirie, naye anatufasiria madarasa.

Ndiyo maana yaliyotokea Juni 2024 yaliwashangaza wengi isipokuwa walimu wa lugha. Vijana waliuchukua Mswada wa Fedha, wakautafsiri katika Kiswahili na lugha nyingine za Kenya, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwa video fupi za simu. Walifanya bila malipo kazi ambayo mjumbe hulipwa mshahara aifanye. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Kulikuwa na maandamano Nyeri na Nanyuki pia. Watu walikufa. Kesho yake rais alikataa kuutia sahihi. Ninachotaka msomaji akitazame ni jambo moja tu: katika wiki zilizotangulia kura ile, wabunge wa mlimani hawakuwa wamejificha. Walikuwa makanisani, mazishini na katika harambee kila Jumamosi na Jumapili. Walionana na watu maelfu. Kuonana kulikuwapo, ila hakukuwa na kuulizana.

Miezi michache baadaye ukaja mfano wa pili. Tarehe 4 Oktoba 2024 wananchi katika kaunti zote waliitwa watoe maoni yao juu ya hoja ya kumwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, aliyekuwa mbunge wa Mathira kati ya 2017 na 2022. Siku nne baadaye Bunge la Taifa liliipitisha hoja kwa kura 281 dhidi ya 44, na tarehe 17 Seneti ikamtia hatiani. Siandiki kumtetea wala kumshtaki. Hilo si shamba langu. Ila nauliza kama mtu wa lugha: maswali yanayopelekwa kwa fomu, yakajibiwa ukumbini, yakahesabiwa na watu wasiojulikana, yanaweza kuitwa mashauriano? Tangu wakati huo wabunge kadhaa wa eneo hili wamezomewa katika mikutano. Mimi sipendi kuzomea, na huwakataza wanafunzi wangu. Lakini kuzomea ni swali lililonyimwa kipaza sauti.

Isidhaniwe kwamba Bunge letu halijui kusikiliza. Mwaka 2024 kamati yake ya ulinzi na mambo ya nje ilifika Laikipia kupokea malalamiko ya wakazi dhidi ya wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi huko. Pale Nanyuki mpangilio uligeuka: wananchi ndio waliosema, na wabunge ndio walioandika. Hakuna aliyesema "nimewaletea", kwa sababu hakuna aliyekuwa ameleta kitu isipokuwa kalamu.

Kwa wenzetu wa mbali vilevile kuna desturi za kutazamwa. Huko Iowa, Marekani, seneta Chuck Grassley, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1980, amejiwekea mazoea ya kuzifikia kaunti zote 99 za jimbo lake kila mwaka na kupokea maswali ya wakazi. Siasa zake si zangu, na wakati mwingine maswali hayo humwangukia kama mawe. Uingereza mbunge hukaa ofisini kwake aghalabu siku ya Ijumaa au Jumamosi, watu wakaingia mmoja mmoja, kama wagonjwa kwa daktari; hakuna kwaya. Sasa linganisheni na kwetu. Kaunti ya Nyeri nzima ina maeneo sita ya uwakilishi na wadi thelathini. Tetu ina wadi tatu. Mtu mwenye miguu mizuri huzimaliza kwa wiki. Kieni, iliyo kubwa kuliko zote na kavu kuliko zote, inayoenea kutoka Mweiga hadi Naro Moru, ina nane. Mjumbe wa Kieni akikaa siku moja tu kila mwezi katika wadi moja, ataimaliza duru yote kwa miezi minane na kubakiwa na minne ya kupumzika. Mbunge wa Turkana anaweza kulalamikia umbali, na tutamwelewa. Wa Nyeri hana umbali wa kulalamikia.

Analo lalamiko jingine, na hili ni la haki. Niliwahi kuketi na mbunge mmoja, mtu mwungwana, akanionyesha simu yake. Tangu alfajiri ya siku hiyo alikuwa amepokea maombi ya karo, ya gharama za hospitali, ya jeneza, ya jezi za timu ya kandanda, na ya nauli. Hakukuwa na hata ujumbe mmoja uliomuuliza juu ya mswada. "Daktari," aliniambia, "wewe unataka niulizwe maswali, watu wangu wanataka niwape pesa. Nikija mikono mitupu nikasema nimekuja kusikiliza, nitaonekana mchoyo." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu miaka michache kabla yake mimi mwenyewe niliwahi kuandika barua kumwombea mpwa wangu basari, na niliiandika kwa lugha ya unyenyekevu ambayo singependa wanafunzi wangu waisome. Sisi tuliosoma ndio wa kwanza kumfanya mjumbe awe bwana mkubwa wa kutoa. Walimu wakuu humwalika siku ya wazazi, wakamketisha mbele, na hotuba yote ya shule ikawa orodha ya mahitaji. Ni nadra kuona mwalimu aliyempa mwanafunzi wa kidato cha nne nafasi ya kumuuliza mgeni huyo mswada fulani wa elimu umefikia wapi.

Katiba inawapa wapigakura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula wake kwisha, ila tangu 2010 hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Kwa hiyo tunabakiwa na ziara. Uchaguzi wa Agosti 2027 umo vinywani mwa wanasiasa, na misafara imeanza kuongezeka barabarani baina ya Karatina, Kerugoya, Embu na Chuka. Mahema yanakodishwa.

Yule mzee nilimkuta baadaye katika kibanda cha chai kando ya barabara. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama ninyi walimu mnaweza kupata karatasi inayoonyesha nani alipiga kura gani, na kama inaweza kuandikwa kwa lugha anayoisoma. Nilimwambia kumbukumbu za Bunge zipo, na kwamba nitamtafutia. Nimezitafuta, ni za Kiingereza, na kuzifasiri kwa mzee mmoja kumenichukua jioni mbili.

Mwishoni mwa muhula nitawapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, wale wanaotoka Nyeri, Kirinyaga, Embu, Laikipia na Meru, kazi ya likizo. Kila mmoja ahudhurie mkutano mmoja wa mheshimiwa wa kwao akiwa na daftari na saa. Aandike ni dakika ngapi mjumbe alisema na ni dakika ngapi wananchi walisema. Lugha gani ilitumika kwa lipi. Vitenzi vingapi vilikuwa katika kauli ya kutendea na vingapi katika kauli ya kutendana. Na kama kuna swali lililoulizwa, aliandike neno kwa neno pamoja na jibu lake. Mmoja wao, binti wa Mukurweini, ameniuliza afanye nini iwapo hakutakuwa na swali hata moja. Nimemwambia ainue mkono.

Akataka kujua pia kama atapata alama za ziada akinyang'anywa kipaza sauti.